Mabaka, kaki na maji ya kunde: Lugha ya kupaka rangi askari wa mezani

Msomaji mmoja wa safu hii, mwalimu wa shule ya upili kule Embu, ameniandikia akiomba nimkwamue kwenye maneno mawili. Wakati wa likizo huwakusanya vijana na kuwafundisha kupaka rangi visanamu vya askari, vile vinavyotumika katika mchezo wa vita wa mezani. Sasa anataka kuwaandikia mwongozo kwa Kiswahili, kwa sababu maelezo yaliyomo ndani ya maboksi ni ya Kiingereza. Neno la kwanza lililomshinda ni lile linalotaja michoro ya rangi inayovaliwa na wanajeshi ili wasionekane vichakani. Ameandika "kamafleji", lakini moyo wake haujatulia. La pili ni jina la rangi ya kupaka usoni. Kichupa alicho nacho kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba hiyo ni rangi ya mwili, na ukikifungua unakuta rangi ya waridi. "Profesa," anauliza, "ni mwili wa nani huo?"

Nimelipenda swali la pili kuliko la kwanza, ila nitajibu yote mawili, maana jibu la moja limo ndani ya jingine.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Wachezaji wawili au zaidi hutandaza uwanja mezani: vilima, mito, vibanda, miti ya kuigiza. Kila mmoja huwa na jeshi lake la visanamu vya plastiki au vya madini, vingi vikiwa na kimo cha milimita 28 hivi, yaani vifupi kuliko kidole gumba. Umbali hupimwa kwa rula, dadu hurushwa, na kanuni zikaamua nani ameanguka. Wanajeshi wa Prussia walikuwa na mchezo wa namna hii tangu 1824, ulioandaliwa na afisa aliyeitwa Reisswitz kwa ajili ya kuwafunza makamanda. Mnamo 1893 kampuni ya William Britain ya London ilibuni namna ya kusubu askari wa risasi walio na uwazi ndani, wakawa wepesi na wa bei nafuu. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akachapisha kitabu cha kanuni, Little Wars, na mchezo wa makamanda ukaingia sebuleni mwa raia. Siku hizi si ajabu mtu akae wiki nzima akipaka rangi kikosi ambacho kitapigana kwa saa mbili tu Jumamosi.

Na sisi tumo mezani humo. Vita vya Afrika Mashariki vya 1914 hadi 1918, kati ya King's African Rifles pamoja na wenzao upande mmoja na jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck upande wa pili, ni miongoni mwa vita vinavyochezwa, na visanamu vyake huuzwa Uingereza na Marekani. Kwenye maboksi utakuta neno letu "askari" limeandikwa vilevile lilivyo. Huku Kenya askari amekuwa mlinzi wa lango la benki, lakini kwenye meza za Ulaya bado amebeba bunduki ya 1914.

Haya basi, tuanze na jina la chombo chenyewe. Mwalimu ameuliza pembeni iwapo aseme kinyago, mwanasesere au sanamu. Kinyago kina kazi yake ngomani na kwa wachongaji. Mwanasesere ni wa mtoto kubembeleza. Sanamu ndiyo asili ya tunachokitaka, na kiambishi ki- cha udogo kinatupa kisanamu, wingi wake visanamu. Asitumie "kijisanamu", maana hiyo -ji- inaongeza harufu ya dharau. Vilevile atofautishe kuchora na kupaka. Anayechora huanza na karatasi tupu. Anayepaka hukuta umbo tayari lipo, na kazi yake ni kulifanya lionekane.

Sasa twende kwenye rangi. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Tunasema ng'ombe mweusi, nguo nyeupe, udongo mwekundu. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walichapisha utafiti wao maarufu wakidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Wako waliouchukulia utafiti huo kana kwamba lugha kama zetu zimechelewa njiani. Mimi nauona tofauti. Baada ya hizo tatu, Kiswahili hakikukwama. Kilitoka nje na kuonyesha kwa kidole. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Manjano ni bizari. Zambarau ni tunda. Samawati ni mbingu, kwa Kiarabu. Kahawia ni kahawa, na sidhani kuna mtu wa Meru au Embu anayehitaji kuelezwa kahawa ina rangi gani, iwe ingali kwenye mti, imekaangwa au imo kikombeni. Hata vijana wa mjini hawajaiacha njia hiyo: wanaposema msichana ni "rangi ya thao" wanaonyesha noti ya shilingi elfu moja.

Kwa mpaka rangi, hilo ni jambo la manufaa makubwa. Jina la rangi kwa Kiingereza huenda lisimwambie chochote. Jina la Kiswahili humtuma akatazame kitu. Ila awe mwangalifu na -ekundu, kwa kuwa wekundu wetu ni mpana. Ng'ombe mwekundu kwa mfugaji ni yule ambaye mwenye duka la rangi angemwita wa kahawia. Udongo mwekundu wa mashamba ya Meru si mwekundu kama bendera. Kwa hiyo mwongozo ukisema tu "paka nyekundu", vijana watano watapaka nyekundu tano. Aseme nyekundu ya damu, nyekundu ya matofali, nyekundu ya udongo.

Baada ya rangi moja moja, tuje kwenye rangi zilizochanganyika, ambazo ndizo zilizomletea mwalimu wetu taabu. Jambo la kuchekesha ni kwamba yeye anaamka kila siku chini ya kitu kilichopewa jina kutokana na mchanganyiko wa namna hiyo. Wameru huuita Mlima Kenya Kirimaara, jina linaloelezwa kuwa ni mlima wenye mawaa meupe, theluji na mwamba vikipishana. Na ng'ambo ya Bonde la Ufa, Wamaasai waliipa mbuga yao jina Mara kwa maana ya madoadoa, kwa jinsi vichaka na vivuli vinavyoitia nchi alama ukiitazama kutoka mbali. Watu wa huku walikuwa wakiisoma nchi kwa madoa na mawaa kabla jeshi lolote halijafikiria kumvika askari nchi.

Majeshi yenyewe yalichelewa. Mpaka karne ya 19 wanajeshi wa Ulaya walikwenda vitani kwa makoti mekundu na ya buluu. Mabadiliko yalianzia India, miaka ya 1840, pale kikosi cha Waingereza kule Peshawar kilipoanza kuvaa nguo za rangi ya vumbi. Neno kaki ndilo hilo: khak ni vumbi kwa Kiajemi na Kiurdu. Hivyo kaki nayo ni rangi ya kuonyesha kwa kidole, kama kijivu na kijani, ila aliyeonyesha hakuwa Mswahili. King's African Rifles, jeshi lililoundwa rasmi Januari 1902, lilipigana kwa kaki, na askari wa Wajerumani vilevile kwa kaki, wote wakiwa na vitambaa vya kukinga jua kisogoni. Ndiyo maana anayepaka visanamu vya vita hivyo asihangaike na michoro migumu. Kazi yake ni kupata vumbi la Taveta, si majani ya Burma.

Neno "kamafleji" lilikuja baadaye. Kifaransa cha mitaani kilikuwa na kitenzi camoufler, kujibadili sura kwa hila. Mwaka 1915 jeshi la Ufaransa liliunda kikosi cha wasanii chini ya mchoraji Guirand de Scévola, wakawa wanapaka mizinga na maturubai ili maadui wasiyatambue. Wachoraji hao walikuwa wamejifunza kazi yao kwenye majumba ya sanaa na ya michezo ya kuigiza. Kwa hiyo hata katika asili yake neno hili lilikuwa karibu na uso wa mwigizaji kuliko kichaka.

Je, tulikope? Kukopa si dhambi, na kombati tumeikopa na inatembea vizuri. Watanzania wana magwanda pia. Lakini kombati na magwanda ni nguo. Mwalimu anatafuta jina la mchoro ulio juu ya nguo, na hapo Kiswahili kina akiba ambayo hatuitumii ipasavyo. Doa ni dogo na aghalabu la mviringo; yakiwa mengi tuna madoadoa, kama ya chui. Kipaku ni kidogo zaidi. Mlia ni mstari mpana, na punda milia ameubeba mwilini. Baka ni kubwa, halina umbo maalumu, na kingo zake zinakwenda ovyo. Twiga ana mabaka, na ukuta uliochujuka kwa mvua una mabaka. Marakaraka ni rangi mbalimbali zilizopangana kama viraka. Haya si maneno ya kubadilishana ovyo. Mwanajeshi aliyevaa madoadoa na aliyevaa milia si wa nchi moja wala wa enzi moja, na mpaka rangi ni lazima ajue anachopaka ni kipi. Mchoro wa kijani, kahawia, nyeusi na rangi ya mchanga uliotumiwa na Waingereza tangu miaka ya 1960, na ambao Wakenya wameuona kwa wanajeshi wetu, ni mabaka. Pendekezo langu basi ni "mabaka ya maficho" kwa mchoro wenyewe, na "sare ya mabaka" kwa nguo.

Namna ya kuyapaka ni kama ifuatavyo. Osha kisanamu kwa maji ya sabuni ili mafuta ya kiwandani yatoke, kikauke. Kwaruza kingo zilizobaki kwa msasa laini. Paka undakoti, nyembamba, kama wanavyofanya mafundi wa kupaka magari pale gereji. Kisha paka rangi iliyo nyepesi kuliko zote nguo nzima. Ikikauka, weka mabaka makubwa ya rangi ya pili, yasilingane na yasikae kwa mstari. Rangi ya tatu iyapande yale ya pili hapa na pale, na nyeusi ije mwisho, kwa vijitawi vyembamba. Mabaka yapite juu ya mishono: baka likianza begani limalizikie kifuani, kwa sababu kazi yake ni kulivunja umbo la mtu ili jicho lisijue bega limeishia wapi.

Lakini hapa kuna mtego. Ukipunguza mabaka kwa kipimo halisi cha kisanamu, yatakuwa madogo kama punje za mtama, na mtu aliyekaa upande wa pili wa meza ataona ukungu wa kijani kibichi. Ni lazima uyakuze, uyapunguze idadi, na uongeze tofauti kati ya rangi moja na nyingine. Yaani, jamani, unapaka maficho ili yaonekane! Mchoro uliobuniwa kumficha mtu, ukifika mezani, unakuwa pambo la kumtambulisha.

Ndipo ninapomwomba mwalimu asitumie kitenzi kimoja kwa kila kitu. Kiswahili kinatupa vitatu: kujificha, kujigeuza na kujipamba. Anayejificha hataki kuonekana. Anayejigeuza anataka kuonekana, ila aonekane mwingine. Anayejipamba anataka aonekane yeye mwenyewe, zaidi ya kawaida. Rangi ni ile ile. Kinachotofautiana ni nia. Na eneo la Mlima Kenya limeviishi vitenzi vyote vitatu, usoni na mwilini.

Kujipamba ndiko kwa kale. Vijana wa jamii za mlima huu walijipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, na chokaa nyeupe wakati wa ngoma na sherehe za jando. Ngao zao nazo zilitiwa rangi. Aliyejipaka hivyo alikuwa anawaambia watu: mimi ni nani, ni wa rika gani, nimefika hatua gani. Joy Adamson, ambaye wengi wanamkumbuka kwa simba wake Elsa aliyerudishwa porini Meru, alichora mamia ya picha za watu wa Kenya katika mavazi yao, na mnamo 1967 akazichapisha nyingi katika kitabu The Peoples of Kenya. Anayetaka kujua chokaa ilikaa wapi na udongo ulikaa wapi, aanzie hapo kabla ya kubuni.

Kujificha kulikuja kwa nguvu baada ya Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari. Ndege za Waingereza zilidondosha mabomu kwenye misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Wapiganaji waliokuwa chini ya miti hiyo hawakuwa na kiwanda cha sare. Walivaa walichopata, na nguo zikiraruka wakashona ngozi za wanyama. Baadhi yao walikuwa wameujua msitu wa vita kabla ya hapo. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyeongoza wapiganaji wa Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954, alikuwa amepigana Burma katika jeshi la Waingereza. Musa Mwariama wa Meru hakukamatwa kabisa. Alitoka msituni uhuru ulipofika, Desemba 1963. Lakini ngozi nayo ina vitenzi viwili. Dedan Kimathi alipojeruhiwa na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, alikuwa amevaa ngozi ya chui. Kwa chui, madoadoa ni maficho. Kwa kiongozi, ngozi ile ile ilikuwa pia heshima. Anayempaka rangi mpiganaji wa msituni akidhani ngozi zote ni za kujifichia ameikosa nusu ya habari.

Kujigeuza ndiko kunakouma. Waingereza waliunda makundi ya bandia: wapiganaji waliokamatwa na kugeuzwa walirudishwa msituni kuwasaka wenzao, na pamoja nao walikwenda maafisa Wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni. Frank Kitson, afisa aliyekuwa mstari wa mbele katika mbinu hiyo, aliieleza katika kitabu alichokichapisha 1960. Tazama basi: ni mlima ule ule, ni uso uliopakwa rangi, lakini chokaa ya kijana wa jando ilisema "huyu ni wetu", na rangi ya yule afisa ilisema uongo kwamba ni wetu.

Lugha zetu ziliyahifadhi haya kwa neno moja. Katika misako ya wakati huo, mtoa habari alifunikwa gunia lililotobolewa matundu ya macho, watu wakapitishwa mbele yake, naye akaonyesha kwa kichwa nani achukuliwe. Katika Operesheni Anvil iliyoanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, walioandamwa walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Watu wakamwita yule mtu "gakunia", kigunia. Mzizi wake ni gunia letu la Kiswahili, ambalo nalo lilitoka India. Kiambishi cha udogo katika Kikuyu ni ka-, lakini kikifuatwa na konsonanti isiyo na mghuno kama k kinageuka ga-. Wanaisimu wanaiita Kanuni ya Dahl, na ndiyo inayofanya lugha hiyo iitwe Gikuyu wala si Kikuyu kwa wenyewe. Kwa hiyo neno la uchungu mkubwa vile lilifuata sarufi kwa utiifu. Watu hawakukopa neno la jeshi. Walionyesha kitu kwa kidole, kama wanavyofanya na rangi, na kitu hicho kilikuwa gunia mahali ambapo pangekuwa na uso.

Nimefika usoni, na hapa ndipo penye swali la pili la mwalimu. Kiswahili kinatofautisha uso na sura. Uso ni sehemu ya juu ya kitu, hata dunia ina uso. Sura ni jinsi mtu anavyotambulika. Mpaka rangi huanza na uso na kumaliza na sura. Akiishia njiani, ana kisanamu chenye uso lakini hakina sura. Na hilo ndilo lililowapata askari wengi wa Kiafrika kwenye meza za wageni. Upo mkusanyo maarufu wa visanamu vya Uingereza, wa Wargames Foundry, unaoitwa Darkest Africa, jina linalokumbusha kitabu cha Henry Morton Stanley cha 1890. Visanamu vyenyewe vimechongwa kwa ustadi, lakini jina hilo linaanza na giza, na mpaka rangi mvivu humaliza kwa giza: anachovya brashi kwenye nyeusi, anapaka vichwa 20, kazi imekwisha.

Tuache siasa kidogo tuseme kama mafundi. Nyeusi tupu usoni ni kosa la ufundi. Kivuli ni lazima kiwe cheusi kuliko ngozi, na ukianza na nyeusi hakuna rangi iliyobaki ya kutia kivuli. Macho, pua na midomo vyote vinazama. Anayepaka uso wa waridi anajua hivyo na hutumia rangi nne au tano. Uso wa Mwafrika unadai idadi ile ile.

Kiswahili kimempa jina la kuanzia: maji ya kunde. Mtu wa maji ya kunde si mweusi wala si mweupe. Ana rangi ya maji yaliyobaki sufuriani kunde zikichemka. Kule Mbeere na Tharaka, kunde zinakolimwa kwa wingi, mtoto yeyote anajua kwamba maji hayo hayana rangi moja. Yakianza kuchemka yana wekundu hafifu, yakikaa yanakolea mpaka yanakaribia kahawa. Hapo, katika sufuria moja, tayari una rangi tatu za uso.

Anza na kahawia nzito iliyokaribia nyeusi, uso mzima. Hiyo ndiyo kivuli. Kisha paka maji ya kunde yaliyokolea, ukiacha mashimo ya macho, kando ya pua, chini ya mdomo na chini ya kidevu. Halafu chukua maji ya kunde mepesi, utie paji la uso, mgongo wa pua, mifupa ya mashavu na kidevu. Ukitaka mwanga zaidi usiongeze nyeupe, bali ongeza nyekundu ya udongo au ya chungwa kidogo. Nyeupe humfanya askari apauke, na kila mama Mswahili anajua ngozi iliyopauka ni ya mtoto aliyesahauliwa kupakwa mafuta. Mdomo wa chini utie wekundu uliofifia. Macho nayo yasiwe meupe pe, la sivyo askari ataonekana kama ameona jini; tumia rangi ya pembe, kisha nukta moja ya kahawia nzito. Kama kofia imemfunika, yaache macho kivulini, na sura haitapotea.

Jambo la mwisho la ufundi ndilo lenye uzito kuliko yote: usitumie mchanganyiko mmoja kwa kikosi kizima. King's African Rifles waliandikishwa kutoka Nyasaland, Uganda, Kenya na kwingineko. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na kichwa cha kifaru kama nembo yake, ilipita Bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944, na humo walikuwemo vijana wa makabila mengi, wakiwa wamevaa sare za kijani badala ya kaki. Sare iliwafanya wafanane, kama inavyokusudiwa. Nyuso hazikufanana. Nao wachukuzi wa Vita vya Kwanza, wale walioacha jina lao Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, walikufa kwa maelfu kwa maradhi na uchovu, na wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana. Ikiwa kijana wa Embu atamweka babu wa babu yake mezani akiwa na mzigo kichwani, kitu kidogo anachoweza kumpa ni sura yake peke yake, tofauti na ya aliye mbele yake kwenye foleni.

Kwa hiyo, Mwalimu, majibu yangu ni haya. Kwa neno la kwanza, andika mabaka ya maficho, na mahali panapohusika andika madoadoa, milia au marakaraka, kila kimoja kwa kazi yake. Usiseme askari wa mezani anajificha, maana umempamba. Kwa neno la pili, futa "rangi ya mwili" na usiweke jina lingine moja badala yake. Bandika karatasi mpya kwenye vichupa vyako: kunde changa, kunde iliyokolea, kahawa, udongo. Na kichwa cha sehemu hiyo ya mwongozo kiwe "rangi za ngozi". Rangi ni nomino ya ngeli ya I-ZI, haibadiliki katika umoja na wingi. Kinachobadilika ni kiunganishi peke yake, ya ikawa za. Ni herufi moja tu, Mwalimu, lakini wasahihishe vijana wako kila watakapoikosea.